Aliyekuwa Kwenye Usukani

Jumamosi, 5 Aprili
Mvua imeanza kweli. Tangu jana jioni inapiga mabati na kule nyuma kuku wamenyamaza kabisa. Awiti alikuja amevaa gambuti za mamake kunionyesha kitambulisho chake. Picha ni mbaya, anaonekana kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, lakini niliishika kadi ile muda mrefu. Tulikaa dawati moja miaka minne, tukamaliza kidato cha nne siku moja. Yeye alifikisha kumi na minane Februari. Mimi ni mpaka tarehe tatu Juni. Hapo katikati yeye ni mtu mzima na mimi ni mtoto.

Jumatatu, 7 Aprili
Nilimsindikiza Awiti mjini kujiandikisha shule ya udereva. Nikauliza kama na mimi naweza kuanza, hata darasa la alama za barabarani tu. Yule mwanamume wa pale hakuwa na ubaya. Aliuliza nilizaliwa lini, akatabasamu, akasema nirudi nikikomaa. Awiti alicheka. Nilirudi nyumbani Kiganjo peke yangu kwa miguu, matope mpaka magotini.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua. Trei thelathini za mayai zimekaa nyumbani, Baba hakutoka.

Ijumaa, 11 Aprili
Leo nilienda na Baba kupeleka mayai kwenye hoteli za Makongeni. Huwa nakaa kando yake, kazi yangu ni kushuka na kubeba. Alipita lango la hoteli ambayo ameipelekea mayai tangu nikiwa darasa la tatu. Nilipomwambia, alirudi nyuma akagonga pipa la takataka. Mwenye hoteli akatoka, wakacheka wote wawili. Baba akasema ni mvua, hata kioo hakionyeshi kitu. Waipa zilikuwa zinafanya kazi vizuri. Mimi niliona lango.

Jumapili, 13 Aprili
Kaka yangu Maina alikuja kutoka Ruiru kula chakula cha mchana. Amepata nafasi ya kuimba kwenye tamasha kubwa, tarehe kumi na saba Mei, uwanja mmoja huko Ruiru. Ataimba nyimbo mbili kabla ya wasanii wenyewe. Wimbo mmoja tuliutunga pamoja Desemba, hapa jikoni, yeye akipiga gitaa na mimi nikichagua maharagwe. Mama alimwombea. Baba, ambaye hajawahi kumsikia Maina akiimba nje ya kanisa, alisema atakuja.

Nilipobaki na Maina nje akanionyesha tangazo kwenye simu. Chini kabisa: 18+, kitambulisho lazima. Wadhamini ni watu wa bia. Akasema, "Pole, Kui. Nimewauliza. Wamesema hata kama ni dada wa msanii."

Jumamosi, 19 Aprili
Siwezi kumwambia mtu, kwa hivyo naandika. Nimeendesha gari!

Baba alinipeleka Murera, kule ploti zimepimwa lakini hazijajengwa, barabara ni za murram na hakuna mtu ila ng'ombe. Alizima pikapu, akashuka, akazunguka akaja mlango wangu, akaniambia nisogee. Nilizima gari mara nyingi. Klachi ni ngumu kama jiwe. Lakini ilipokubali tulienda polepole mpaka mwisho wa ploti na kurudi, na Baba hakupaza sauti hata mara moja. Alisema nina mkono mtulivu kuliko wa Maina. Njiani kurudi akasema Mama asijue, kwa sababu Mama ni mtu wa sheria.

Jumanne, 22 Aprili
Murera tena. Gia ya tatu.

Alhamisi, 24 Aprili
Baba alikanyaga trei ya mayai ndani ya banda. Ilikuwa mahali pale pale huwa inakaa. Alisema mvua imeleta giza. Mama alikuja na kitambaa akapangusa, hakusema neno, na Mama si mtu wa kunyamazia mayai yaliyovunjika.

Jumamosi, 26 Aprili
Murera. Nilirudi nyuma kati ya mawe mawili ya mpaka bila kugusa hata moja. Nilipomwuliza Baba kama nimefanya vizuri, alisema vizuri sana. Alikuwa ameangalia upande mwingine.

Ijumaa, 2 Mei
Nilimwuliza. Tulikuwa tunalisha kuku na nikaona sitapata nafasi nyingine. Nikamwambia Baba, macho yako hayaoni vizuri. Akaendelea kumwaga chakula. Akasema macho yamechoka tu, sukari inapanda na kushuka, amepewa dawa ya matone. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayepanga safari, "Ukipata leseni utakuwa unaendesha wewe. Mimi nitakaa pale unakaa. Ni Mei tu hii imebaki."

Nimelala nikifikiria hilo. Nilidhani ananifundisha kwa sababu ananipenda. Labda ni hivyo pia.

Jumanne, 6 Mei
Mvua. Barabara ya kwenda mtoni imekatika.

Jumamosi, 10 Mei
Awiti amesema nichukue kitambulisho chake siku ya tamasha, yeye hatakwenda, ana zamu dukani. Anasema mlangoni hawaangalii, wanamulika tochi tu. Mimi na yeye hatufanani hata kidogo. Nimekataa. Kisha nikakubali. Kisha nikamrudishia.

Jumatano, 14 Mei
Baba amemwambia Mama kwamba atanipeleka Ruiru mwenyewe na kuongea na watu wa mlangoni. Anasema mtoto akiwa na mzazi wake, sheria hiyo inakuwa ya nini? Mama alisema angalau apande matatu. Akasema hivyo mara mbili. Baba akasema yeye si mzigo.

Jumapili, 18 Mei
Sikwenda kanisani. Nitaandika ya jana yote, kwa mpangilio, kabla mtu mwingine hajanipangia.

Tulitoka Kiganjo baada ya chakula cha mchana. Kulikuwa na jua kidogo na Baba aliendesha vizuri, polepole, upande wa kushoto kabisa. Uwanjani kulikuwa na foleni ya vijana waliovalia vizuri. Mlangoni bawabu mmoja aliniomba kitambulisho. Baba akamwambia mimi ni bintiye na anayeimba ni mwanawe, tutasimama pamoja, hatutanunua hata soda. Bawabu alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Akasema, "Mzee, wewe ingia, karibu. Msichana abaki." Baba akauliza abaki wapi. Bawabu akanyoosha mkono kwa kitambulisho cha aliyefuata. Nyuma yetu watu walianza kulalamika.

Nilimwambia Baba aingie. Alikataa. Alisema hawezi kumsikiliza mtoto mmoja akiwa amemwacha mwingine barabarani. Tulirudi kwenye pikapu, tukaisogeza mpaka karibu na ukuta wa mabati upande wa jukwaa, tukateremsha vioo. Mvua ilianza saa hiyo. Maina alipotajwa jina watu hawakupiga makofi sana. Lakini alipofika kwenye wimbo wetu nilisikia uwanja ukitulia. Baba alinyoosha shingo kuelekea dirishani, mvua ikimpiga usoni, na alipogeuka akasema hakujua mtoto wake ana sauti kama hiyo. Nikamwambia maneno ni yangu. Akaushika mkono wangu. Kama jana ingeishia hapo ingekuwa siku bora zaidi ya mwaka huu.

Tulianza kurudi jioni. Barabara kubwa ilikuwa imejaa magari, kwa hivyo Baba akakata kupitia Mugutha. Mvua ilikuwa imekaza na mwanga unaisha. Mara mbili tairi zilishuka kwenye mtaro. Nilimwambia, Baba, nipe niendeshe. Akasema kuna polisi mbele. Nikamwambia njia hii ya ndani haina polisi. Akasema, "Ukishikwa ni mimi nitafungwa. Umebakisha wiki mbili tu, Kui. Vumilia."

Nilimwona yule mtu kabla hatujamfikia. Alikuwa amevaa koti refu la mvua la rangi ya njano, anatembea pembeni, na tulipomkaribia aligeuka akainua mkono. Nilipiga kelele. Baba hakukanyaga breki mpaka tulipokuwa tumeshamgonga.

Alikuwa kwenye nyasi. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelala upande ambao miguu hailali. Alikuwa anaongea, anaomba tumwinue, anasema anaenda kazini. Niligeuka kumwita Baba, na Baba alikuwa amesimama nyuma ya pikapu ameshika bodi, anasema neno moja tu. "Sioni. Sioni, Kui. Sioni." Vijana wawili wa boda boda walifika, tukamweka mtu yule nyuma juu ya magunia. Mmoja akapanda naye, mwingine akarudi kwa pikipiki yake. Yule wa nyuma akauliza nani anaendesha, twende.

Niliendesha mimi. Sikuwa nimewahi kuendesha kwenye lami kabla ya jana. Nilikuwa nalia na kamasi zinaingia mdomoni, sikuwa na mkono wa kujipangusa. Taa za magari yaliyokuja zilikuwa zinavimba kwenye kioo. Kila tulipopita shimo yule mtu alilia, na Baba kando yangu alikuwa anasema pole, pole, pole, sijui kwa nani.

Hospitalini watu walitoka na machela wakaniona nikishuka upande wa dereva. Polisi alipokuja, aliuliza nani alikuwa anaendesha. Mhudumu mmoja akanyoosha kidole kwangu. Nilimwangalia Baba. Nilingoja. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia viatu vyake, ambavyo hata sijui kama anaviona.

Jumatatu, 19 Mei
Kituo cha polisi. Afisa aliyeshika kesi ni mwanamke, afande Mumo, hana maneno mengi. Aliuliza umri wangu, nikasema miaka kumi na saba. Akasema mtoto haandikishi maelezo peke yake, lazima mzazi wake akae naye. Kwa hivyo Baba alivutiwa kiti akakaa kando yangu.

Nilimwambia afande tuliondoka uwanjani saa ngapi, tulipita wapi, mvua ilivyokuwa. Alipouliza mtu huyu aligongwa vipi, nilisikia Baba akipumua. Sikuweza. Nikasema sikumbuki vizuri. Afande Mumo alituangalia wote wawili, akasema tutaendelea siku nyingine. Gari limebaki pale.

Jumanne, 20 Mei
Mtu tuliyemgonga anaitwa Nicanor. Ni mlinzi wa ghala moja Mugutha.

Jumatano, 21 Mei
Mama alinikuta nafua. Alichukua nguo upande wa pili akaanza kukamua, akaongea akiangalia maji.

Alisema daktari wa macho alimkataza Baba kuendesha tangu Februari. Alimwandikia kabisa. Wakijua hilo hawatasema ni ajali, watasema alijua, na atafungwa. "Na wewe ni mtoto," akasema. "Mtoto hafungwi. Watamwonya babako kwa kukupa gari, yaishe. Ingekuwa wiki mbili zijazo, hawangekuacha hivyo. Mungu amepanga."

Nilimwuliza, kwa hivyo ulijua, na bado ukamwacha anibebe? Akasema alinyamaza kwa sababu mayai ndiyo yaliyonisomesha. Miezi yote hii naambiwa mimi ni mtoto, siwezi hiki, siwezi kile. Sasa utoto wangu umepatiwa kazi.

Alhamisi, 22 Mei
Mvua.

Jumamosi, 24 Mei
Kiganjo nzima inajua. Kwa kioski mwanamke aliyenijua tangu nikinyonya aliniuliza kama ni kweli nilikuwa nafukuzana na wavulana kwa gari la babangu. Awiti amenitetea dukani mpaka akagombana na mteja, lakini hata yeye aliniuliza, kwa upole, nilikuwa naenda kasi gani. Maina amenipigia simu analia. Anasema kosa ni la tamasha lake. Sikumwambia chochote.

Baba halali. Namsikia anatembea ukumbini akigusa ukuta.

Jumatano, 28 Mei
Nilienda hospitali na chupa ya uji. Sikuwa nimemwambia mtu. Nicanor yuko wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Jana walimkata mguu chini ya goti kwa sababu kidonda kilioza. Mke wake, Trizah, alikuwa anamkanda mgongo. Nilipojitambulisha aliacha kumkanda. Alichukua uji akauweka chini, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kwa nini mnapewa magari kabla ya wakati wenu? Sisi tuna watoto watatu Kakamega."

Niligeuka kuondoka na Nicanor akasema, "Si yeye."

Trizah akamwambia apumzike. Akasema tena, "Si yeye, Mama Brian. Ni mzee. Taa zilinimulika nikainua mkono, nikamwona uso. Alinitazama hivi, kama ninavyokutazama, na hakuniona." Kisha akanigeukia. "Wewe nilikusikia baadaye. Ulikuwa unalia na unaendesha."

Nilikaa kwenye kona ya kitanda cha jirani. Aliniuliza mbona nimekubali. Nikamwambia sijakubali, ila sijakataa. Alivuta shuka akafunika pale mguu ulipoishia. Halafu akasema mguu hautarudi hata mtu gani akisema nini. Yeye hataenda kwa polisi kumlazimisha mtoto amtaje babake. Hilo, alisema, ni langu kuamua.

Trizah alinisindikiza mpaka mlangoni. Hakunishika mkono. Lakini uji alikuwa ameufungua.

Ijumaa, 30 Mei
Sijasema chochote nyumbani. Kuku wawili wamekufa, baridi.

Jumanne, 3 Juni
Nimefikisha miaka kumi na minane. Mama alipika chapati. Tulikula tukiwa watatu.

Baada ya kula nilisema kesho naenda kituoni. Nilisema sasa sihitaji mtu wa kukaa na mimi. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno hayo tangu asubuhi na bado yalitoka kama ya mtu mwingine. Mama aliweka sufuria chini. Aliniita jina langu lote, Wanjiku, jina la mamake, akauliza kama ninataka kumfanya yeye mjane huku mume wake yuko hai. Nikamwambia mtu amekatwa mguu. Akasema anajua. Nikasema yule mtu alimwona Baba. Hapo Baba akainua kichwa.

Nilimwambia yote, nilivyoambiwa wodini, neno kwa neno, hata lile la kutazama na kutoona. Baba aliinuka akaenda chumbani akigusa mlango, kiti, mlango.

Nilimpenda mtu huyu kuliko wote. Sasa hivi simjui. Na ninajua pia kwamba alikaa na mimi nje ya ukuta wa mabati wakati angeweza kuingia. Sielewi niyaweke wapi yote mawili.

Jumatano, 4 Juni
Nilipoamka Baba alikuwa amekaa kando ya mlango amevaa koti la harusi. Nikadhani ananizuia. Akauliza kama ni mbali kutoka steji ya matatu mpaka kituoni. Nikasema si mbali.

Mama hakutoka chumbani.

Afande Mumo alisema sasa mimi ni mtu mzima, mzee anaweza kungoja nje. Baba akasema, "Acha nianze mimi." Akabaki amesimama mpaka akaonyeshwa kiti. Alisema kwamba daktari alimkataza Februari. Alisema kwamba alikuwa anaendesha yeye, kwamba binti yake alimwomba usukani na akamnyima, kwamba hakumwona mtu wa koti la njano kabisa, alisikia tu. Halafu akasema jambo ambalo hakuulizwa. Alisema siku ile hospitalini alisikia mtu akiuliza nani alikuwa anaendesha, akaona kimya kinamkubalia, akakaa ndani ya kimya hicho kwa sababu kulikuwa na joto. Afande aliliandika na hilo.

Mimi pia niliandikisha yangu. Afande alisema kuendesha bila leseni ni kosa, hata kama ulikuwa unampeleka mtu hospitali, na kwamba ataliandika hivyo na atayaandika na mengine pia.

Karatasi ya Baba ilipokuwa tayari alipewa kalamu. Alishusha mkono mezani akatafuta, akaanza kuandika jina lake kwenye mbao. Nilikishika kidole chake nikakiweka mwanzo wa mstari.

Jumamosi, 28 Juni
Mvua iliisha wiki iliyopita. Nilikuwa nimeacha kuandika kwa sababu sikuwa na jambo nililotaka kulikumbuka.

Baba alikubali kosa mahakamani. Hajafungwa kwa sasa, yuko nje kwa dhamana mpaka hukumu, na leseni wameichukua. Pikapu ikirudishwa itauzwa, pesa zitumike kwa Nicanor, hata Mama amekubali. Mama hunijibu nikimwuliza kitu, lakini yeye hanianzii maneno. Jana aliniwekea chai bila kuitwa. Awiti amepita mtihani wake wa udereva, akaniletea keki, akaogopa kunionyesha cheti.

Leo nilimpeleka Baba kliniki ya macho. Daktari ni kijana. Alisema jicho la kulia limeenda, la kushoto lingeweza kuokolewa kidogo kama angekuja mapema. Baba aliuliza mapema ni lini. Daktari akasema, labda mwaka jana.

Tulitoka tukatembea kuelekea stejini. Alikuwa ameushika mkono wangu juu ya kiwiko, kama walivyomfundisha pale kliniki. Tangu kituoni hatujazungumza juu ya siku ile na leo pia hatukuzungumza. Karibu na soko wamechimba kuweka mabomba, udongo mwekundu umetapakaa mpaka katikati ya njia. Nilisimama. Nilitaka kumwambia kuna shimo mbele, pana, na kuna ubao mmoja tu wa kuvukia. Yeye hakuuliza tumesimama kwa nini. Alisimama na mimi, akangoja nianze.